Kuku wa Arubaini

Jioni, kabla sijamwona baba yangu, nilikuwa nishamsikia. Kwanza ulilia mlango wa ua, halafu mfereji ukafunguliwa, halafu ukaja ule mkwaruzo wa mikono inayosuguliwa kwa udongo, kwaru, kwaru, kwaru, taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda. Nyumba yetu ya Mkunazini ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi mwembamba na ua wa sakafu ya chokaa, na chochote kilichofanyika uani kilisikika mpaka uvunguni mwa kitanda. Watoto wenzangu waliwajua baba zao kwa kikohozi au kwa viatu. Mie wangu nilimjua kwa udongo. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekaa Shangani, na Mzungu huyo na mkewe walipenda mno nyama ya nguruwe, hasa ile inayokatwa vipande vyembamba ikatiwa chumvi na moshi, wenyewe wakiita bekoni. Baba aliishika kwa uma na kitambaa, haonji, halambi kidole. Hata hivyo hakuthubutu kuingia ndani wala kumpokea mtoto mkononi mpaka aoshe mikono josho saba, moja la udongo, kama sheria inavyotaka. Kopo la udongo safi lilikaa kando ya mfereji mwaka mzima. Akimaliza aliniita, nami nikaitika "Naam", nikampelekea kitambaa cha kujifutia.

Msimu ninaoukumbuka leo ni ule wa arubaini ya mdogo wangu. Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, na Waingereza walikuwa bado wapo, na kila siku ya msimu ule naikumbuka kwa uchovu. Mama alijifungua kwa taabu, akalazwa kitandani kwa ule muda wa mzazi, haruhusiwi kuinua ndoo wala kukaribia moshi. Mtoto alikuwa mlizi, analia alfajiri, analia adhuhuri, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka shingo ikanipinda, kisha nikimbilie chuo cha Kurani nikasinzie juu ya juzuu na mwalimu anigonge kwa kibao. Kumhudumia mzazi akaja bibi yangu, mama yake mama, Bi Mize wa Mkokotoni. Aliteremka kwenye gari la shamba na tenga la kuku, gunia la muhogo, chungu chake, mwiko wake, sahani yake ya bati na mafiga yake matatu ya mawe. Nilipoyaona yale mafiga nilicheka, nikadhani kwao Mkokotoni wanatuona sisi watu wa mjini hatuna hata mawe. Mama hakucheka. Aligeuza uso akatazama ukutani.

Kwa nini mafiga? Kwa sababu tangu mama aolewe, Bibi hakuwahi kutia kinywani chakula kilichopikwa na mkono wa baba yangu wala kwenye chungu chake. Hakuwa mkorofi, Mungu amrehemu. Alimwitikia salamu zake, alimwombea dua, akimwita Baba Zuwena kwa adabu kabisa, Zuwena nikiwa mimi. Lakini chakula, aka! Mkono unaogeuza nguruwe mchana, alisema, haumpikii yeye usiku. Isitoshe, baba hakuwa mtu wa huko kwao. Babu yake alitoka bara, na ndugu wa mama walikuwa na la kusema tangu siku ya posa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Bibi aliniambia mara moja akinisuka nywele, nami nikaenda kumwangalia jogoo wake mguuni, nikaiona kamba, nikaridhika. Sikujua kwamba kuku aliyesemwa ni baba yangu.

Basi ua wetu ukawa na majiko mawili. Huku seredani ya baba, kule mafiga ya Bibi, na katikati mimi na mtoto mgongoni. Bibi alipika uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku wa mzazi, akala na mwanawe. Baba alirudi kutoka Shangani miguu imemvimba kwa kusimama, akasugua mikono yake, akawasha makaa yake, akapika upya kama kwamba hakupika kutwa. Mama alilazimika kuonja kwa mama yake na kuonja kwa mumewe, asije akamuudhi mmoja. Mie nilikula kote kuwili na tumbo likaniuma kila siku, na sikuthubutu kusema kwa nini linauma. Mjomba Makame, mdogo wake mama, aliyekuwa akichukua mizigo pale Darajani na kupitia kwetu kila siku, alizoea kusimama mlangoni akauliza, "Leo serikali ipi imepika vizuri?" Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe aliishia kucheka peke yake akakaa popote palipotoka harufu kwanza.

Baba alinyamaza karibu msimu mzima. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Lakini siku zilipokaribia kutimia, jioni moja baada ya magharibi, aliingia kukaa na mama, na mimi nilikuwa nimelala miguuni mwa kitanda, au walidhani nimelala. Akasema, "Mama Zuwena, nimepikia magavana na makapteni. Wamekula wakaniita niingie ndani wanishukuru. Mama yako mmoja tu amenishinda." Mama akamwambia avumilie, watu wa zamani ndivyo walivyo. Baba akasema amevumilia tangu ndoa, na sasa amechoka kuvumilia kuliko anavyochoka kupika. Siku ya arubaini atampikia chakula chake cha heshima, kile anachokijua kuliko vyote, na Bibi akiondoka kurudi Mkokotoni bila ya kukila, basi yeye hatamtengea tena, wala hatakipika tena nyumbani mpaka afe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka mzigo chini. Nikalala macho wazi, nikimwomba Mungu ampe Bibi njaa.

Chakula chenyewe kilikuwa kuku wa kuoka. Shangani alimpaka kuku viungo, akamviringisha kwa vipande vya bekoni mpaka isionekane ngozi, akamtia kwenye joko. Siri yake, alivyonieleza, ni kwamba kuku hana mafuta kifuani. Ukimwoka mtupu anakauka kama ufagio, lakini ukimvika mafuta ya mnyama mwingine, yale mafuta yanamdondokea yanapoyeyuka, na nyama inabaki laini. Nyumbani angemvika nini? Jibu lilitoka kwa mdogo wangu. Asubuhi ya arubaini ilikuwa achinjwe mbuzi wa akika, na ndani ya tumbo la mbuzi mna ule utando mweupe wa mafuta, mwembamba, wenye vitundu kama wavu. Nani atautilia shaka mbuzi wa akika? Kuku watoke kwenye tenga la Bibi mwenyewe, mchinjaji awe Mjomba Makame, mtoto wa tumbo lake. Tangawizi, thomu, ndimu, pilipili manga na mdalasini vitoke Darajani, avinunue mama wa jirani. Baba alilipanga jambo lake kama wakili. Alifunga kila mlango ambao shaka ingepitia, na Bibi alipoombwa kuku akawatoa bila ya neno, nasi tukaona mambo yameanza kunyooka.

Siku yenyewe ilianza kabla ya alfajiri. Baba alikwenda Shangani akawapikia Wazungu wake chamshakinywa na chakula cha mchana akakiacha tayari, akaomba ruhusa ya nusu siku. Akarudi mbio akapika pilau la majirani, nyungu mbili, jua likimpiga utosini. Mchana watu wakala, wakamsomea mtoto, wakampa majina ya utani, wakaondoka. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuku wa jioni, na hapo ndipo baba alipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilifikiri sijui nicheke au nilie. Masufuria yetu yalikuwa ya mviringo na ya kina. Kuku wakirundikana humo wanajipika kwa mvuke, hawaokeki. Yeye alitaka wakae sambamba, kila mmoja na nafasi yake. Asubuhi alikuwa ameazima trei la kuokea la memsabu, yule mke wa Mzungu. Alilileta limefungwa kwenye gunia, jeusi, zito, lenye kingo.

Sasa fikiri. Angeliosha kwa sabuni tu, kama anavyoosha mtu yeyote, Bibi angeliona ni bati jipya na mambo yangepita. Lakini baba angewezaje? Trei lile lilikuwa limeokewa nguruwe, na yeye hakuwa mtu wa kuwalisha watoto wake najisi kwa sababu hakuna anayemwona. Akasubiri Bibi alale usingizi wake wa mchana. Akachutama penye mfereji, akalivuta kopo lake, akalipaka trei udongo ndani na nje, akaanza kusugua na kusuuza, midomo ikihesabu. Nilikuwa nimesimama kando na mtoto. Pazia likafunguka na Bibi akatoka na birika lake kuchukua udhu wa alasiri. Alisimama pale pale. Kwetu sisi hakuna anayeosha chombo kwa udongo ila kimeguswa na mbwa au nguruwe, na mbwa hatukuwa naye. Uchaji wa baba yangu ndio uliomchongea.

"Baba Zuwena," Bibi akasema, "bati hilo limetoka wapi?"

Baba angeweza kudanganya. Niliona anatafuta uongo na hakuupata. "La kazini, mama. Nimeazima."

"Wanaokea nini?"

"Kila kitu, mama. Na hicho pia."

"Umeliosha vipi?"

"Saba, mama. Moja la udongo."

Bibi alikuwa mjuzi wa dini yake; wanawake wa mtaani kwao walimwendea kuuliza mambo ya twahara na hedhi. Hakuweza kusema chombo ni kichafu, maana angeikosoa sheria yenyewe. Alilitazama lile trei likimeremeta majini, akahema. "Basi limeshatahirika," akasema. "Sina la kuongeza." Baba akainuka, maji yakimchuruzika viwikoni, akamuuliza kwa sauti ndogo kama mtoto, "Kwa hiyo utakula, mama?" Bibi akajaza birika lake mpaka likafurika. "Chombo kina josho," akasema. "Moyo, mwanangu, mimi sijui unaoshwa kwa nini." Akaenda kusali. Chumbani nikamsikia mama analia chini chini, na mtoto mgongoni kwangu, kama aliyeelewa, naye akaanza.

Lahaula, mtu mwingine angelitupa trei ukutani. Baba alichukua kuku akaendelea. Aliwachanja, akawapaka viungo mpaka ndani, akaufungua ule utando wa mbuzi kwa ncha za vidole akamvika kila kuku mmoja mmoja kama anayemvika maiti sanda. Akawapanga kwenye trei, akaliweka juu ya seredani, akafunika kwa bati na kupalia makaa juu yake, moto juu, moto chini. Harufu ilipoanza kutoka, majirani walichungulia madirishani. Mafuta yakachuruzika, mdalasini na thomu vikapanda, na mate yalinijaa nikayameza mpaka koo likauma. Mimi katika maisha yangu sijanusa tena kitu kama kile. Baba peke yake hakuonekana kunusa lolote. Alikuwa anapepea makaa huku macho yake yako kwenye pazia la Bibi.

Baada ya isha tukaandaliwa. Wanaume walikuwa baba na Mjomba Makame, wakakaa ukumbini. Sisi wanawake tukakaa uani juu ya mkeka, na mama akatolewa nje kwa mara ya kwanza, amejifunga kanga mpya, mweupe kwa kukaa ndani. Baba aliwagawa kuku kwa mikono yake. Mbele ya Bibi aliweka paja na sehemu ya kifua, kwenye sahani yake Bibi ya bati, akarudi nyuma akaketi kizingitini kati ya ukumbi na ua, mgongo kwenye mwimo wa mlango, mahali pa kuona. Yeye mwenyewe hakujipakulia. Mjomba alikula kwa kelele akisifu kila tonge, makusudi, apate kumtia mamaake hamu. Mama alikula akimtazama mama yake. Bibi alichukua muhogo wake wa kuchemsha, akaumega, akala. Akamega tena. Sahani ya kuku ilikaa mbele yake, mafuta yakaanza kuganda pembeni. Nilimtazama baba nikaona macho yake yanafumba, yanafumbuka, yanafumba. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo akawapikia Wazungu, akapikia mtaa, akapikia ukoo. Kichwa kikamwangukia kifuani. Akalala pale pale kizingitini, na mikono yake ikafunguka mapajani.

Mjomba akataka kumwamsha. "Mwacheni," Bibi akasema. "Mtu amechoka, hamuoni?" Akainua kandili akaisogeza upande wa mlango, nami nikaona anachokitazama. Ilikuwa mikono. Viganja vya baba vilikuwa vimepasuka kwa ule udongo wa kila siku, mistari myekundu kila kidole, ngozi imekauka kama ya nyayo za mkulima. Nilivizoea, sikuwa nikiviona. Bibi alivitazama kwa muda mrefu mpaka mtoto akanyamaza kwa kuchoka mwenyewe. Kisha akaiweka kandili chini, akasema "Bismillahi" kwa sauti ya kusikika, akachukua lile paja akauma. Alikuwa na meno machache, akatafuna taratibu, na sote tukaacha kutafuna tukimsikiliza. Akameza. Akapangusa mdomo kwa ukingo wa kanga.

"Chumvi imepungua," akasema.

Akauma tena. Akala paja likaisha, akala kifua, akavunja kifupa akakinyonya, akanywa maji, akashukuru, akainuka kwa kujishika magoti akaenda kulala. Mama aliinama akalia mpaka akalowesha kanga yake mpya. Alfajiri baba alizinduka shingo imemkakamaa, akakuta vyombo vimeoshwa, na muda wa kazi ushafika; Bibi alikuwa juu ya msala, hazungumzishwi. Aliporudi jioni, Bibi na mafiga yake alikuwa ameshapanda gari la shamba. Mama akamwambia mumewe kwa furaha, "Alikula! Wallahi alikula, akasema kitamu." Maana mimi alikwishanionya kwamba habari ya chumvi isitoke mdomoni mwangu, mpishi haambiwi hivyo, atavunjika moyo. Baba akatabasamu tabasamu la kuchoka. "Mama yako tangu lini akasema kitu kitamu?" akamuuliza. "Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mke wangu. Nashukuru." Akaenda mferejini kuosha mikono.

Na hakuwahi kuamini. Mjomba alimwapia, baba akamwambia nenda zako. Nafasi ya pili haikuja, kwani Bibi alifariki kabla ya masika yaliyofuata, na baba alikwenda Mkokotoni akaingia kaburini kumpokea mkwewe kwa mikono ile ile. Alitimiza alichokisema: yule kuku hakumwoka tena nyumbani kwetu. Wazungu wakaondoka, kazi ikaisha, mama akatangulia. Mwishoni baba akawa kwangu, mzee wa kitandani, na siku moja nikimlisha uji aliniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, "Zuwena, sasa mama yako hayupo. Niambie kweli. Yule mzee alikula?" Nikamwambia alikula, baba, alikula paja na kifua, na hakusema kitamu. Alisema chumvi imepungua.

Kijiko kilibaki hewani. "Imepungua?" akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na nikamwinua. "Ilipungua kweli! Nilisahau kutia chumvi ya ndani, nikakumbuka makaa yako juu. Hakuna aliyejua ila mimi." Kisha akasema, "Basi alikula," akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, na nikasikia anasema tena, "Basi alikula." Uji wote ulipoa, nikauacha.

Mimi leo nina jiko la gesi lenye joko lake, na magoti yanayonisuta kila nikiinama kulifungua. Sikukuu wanangu na wajukuu zangu huja, wengine kutoka mjini, wengine Tunguu anakosoma yule mdogo, nami nawaokea kuku kwa namna ile ile ya baba, kwa utando wa mbuzi nikiupata, na kwa siagi nikiukosa. Hakuna anayemkataa mwenziwe. Wakwe zangu wametoka huku na huku na kila mkono unaliwa. Alhamdulillahi kwa hilo, sitaki ya zamani yarudi. Lakini wanapiga picha ya sahani kabla ya kunawa, wanasema "Bibi, kitamu sana!" na kuku bado yuko mezani hajaguswa, kisha kila mmoja anainamia simu yake. Nami nakaa pale pembeni na uchovu wangu, natazama midomo yao, nasubiri walau mmoja atafune, ameze, aniambie chumvi imepungua.